KONGWA: KHABARI YA WATU WA AFRIKA YA KUSINI KATIKA NCHI YA UGOGO

Somo hili ni la tarikhi. Limekusudiwa khasa kwa watu wa pwani, wa Tanga na Bagamoyo, wa Unguja na Mombasa, wa Kilwa na Lindi, wapandao bara siku hizi kwenda Dodoma. Tangu mwaka 2019, ulipofunguliwa Mji wa Serikali pale Mtumba, jirani na Ihumwa, wametoka pwani watu wengi, makarani na waashi, mafundi na wafanya biashara, wakaenda kutafuta riziki katika uwanda ule wa Ugogo. Wafikapo Ihumwa huona mawe na mibuyu na upepo wa vumbi, wakasema: Nchi hii haina khabari. Neno hilo si kweli, na somo hili limeandikwa kulikanusha.

Babu zao hawakulisema. Katika karne ya 19 Ugogo ilikuwa ndiyo mlango wa kwendea Unyanyembe. Msafara uliotoka Bagamoyo ukifika Mpwapwa ulipumzika na kujaza maji, kisha ukavuka jangwa la Marenga Mkali. Na mbele yake walikuwako watemi wa Kigogo wenye mamlaka juu ya visima, wala hapana msafara uliopita bila ya kutoa hongo ya nguo na shanga. Katika njia ile ya pembe na watumwa ndipo walipopitisha Wajerumani reli yao, ikafika Dodoma mwaka 1910. Na leo msafiri wa gari atokaye Morogoro hupita Gairo na Kibaigwa, akafika Mbande, ambapo njia huchepuka kwenda Kongwa na Mpwapwa. Wengi hawachepuki. Huendelea mbele wakapita Chamwino, wakafika Ihumwa. Basi khabari ya somo hili iko katika njia ile wasiyoishika.

Na lau mtu akiuliza: Afrika ya Kusini ina nini na Ugogo? Jawabu yake yahitaji maneno machache juu ya nchi zote mbili.

Ama Kongwa, mwaka 1947 Waingereza waliichagua kuwa mwanzo wa shamba kubwa la karanga. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Wakaleta matrekta, wakajenga nyumba na hospitali na njia ya reli. Wazee wa Kigogo waliojua miaka ya njaa ya nchi yao hawakuulizwa. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, majembe ya matrekta yakavunjika, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaiacha kazi ile baada ya kupoteza yapata paundi milioni 36. Wakabaki Wagogo na ng'ombe wao na mtama wao, na majumba yasiyo na watu.

Ama Afrika ya Kusini, ilikuwa nchi ya watu weusi wengi chini ya watu weupe wachache. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwazuilia watu weusi kununua ardhi isipokuwa katika yapata asilimia 7 ya nchi. Mwaka 1948 chama cha Makaburu kikashika serikali, kikafanya kutenganisha watu kwa rangi zao kuwa ndiyo msingi wa sheria zote: mahali pa kukaa, pa kusoma, pa kuoa na pa kuzikwa. Tarehe 21 Machi 1960, pale Sharpeville, polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika kuikataa sheria ya pasi, wakafa watu 69. Na mwezi uliofuata chama cha ANC kikapigwa marufuku. Mwezi wa Desemba 1961 likadhihiri jeshi la siri la Umkhonto we Sizwe, maana yake Mkuki wa Taifa. Januari 1962 Nelson Mandela alitoka nchini kwake kwa siri, akashuka Mbeya kwa ndege ndogo, akafika Dar es Salaam akaonana na Julius Nyerere. Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa, zikaweka Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawa Dar es Salaam. Na mwaka 1964 askari wa ANC waliokwisha kufundishwa vita katika nchi za nje wakapewa mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni Kongwa.

Mahali pale palifaa kwa sababu nyingi. Palikuwa mbali na bandari na macho ya wapelelezi, pana nafasi, na palikuwa na masalio ya lile shamba la karanga. Hawakuwa peke yao. FRELIMO ya Msumbiji walikuwa na kambi yao, na SWAPO ya Namibia yao, na baadaye MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe, wote chini ya uangalizi wa jeshi la Tanzania. Ni jambo la kustaajabisha kwamba vyama ambavyo baadaye vilishika serikali katika Msumbiji, Angola, Namibia na Afrika ya Kusini vilikuwa majirani katika mji mdogo wa Ugogo, vikigombania maji na kupeana chumvi. Mwenye kutafuta mkutano wa mataifa ya Afrika asiutafute katika majumba ya mawe peke yake.

Wale watu wa kusini walijenga mabweni yao, wakalima bustani, wakajifunza Kiswahili kidogo kwa ajili ya soko. Kazi yao kubwa ilikuwa kungoja. Baina yao na nchi yao palikuwa na Msumbiji ya Wareno na Rhodesia ya walowezi, wala hapakuwa na njia. Mwenye kungoja mwaka husubiri. Mwenye kungoja miaka mitatu huanza kunung'unika, na wako walionung'unika wakawadai wakubwa wao wawarudishe nyumbani wakafie huko. Mwaka 1967 kundi moja lilipelekwa Zambia, likavuka mto Zambezi pamoja na askari wa ZAPU, likapigana katika pori la Wankie. Wengi waliuawa, na wengine walitiwa gerezani. Miongoni mwa waliovuka wakapona alikuwamo kijana aitwaye Chris Hani, aliyekuwa amekaa Kongwa kabla ya hapo.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Huyu Hani jina alilopewa na wazazi wake ni Martin Thembisile. Hilo la Chris lilikuwa jina la ndugu yake, akalichukua. Joe Modise, aliyekuwa mkubwa wa jeshi lile na mwaka 1994 akawa Waziri wa Ulinzi wa Afrika ya Kusini, aliitwa Thabo More. Archie Sibeko aliitwa Zola Zembe. Ndivyo walivyokuwa karibu wote. Mtu alipotoka kwao aliacha jina lake mpakani, kwa kuwa jina lake lingewaponza mama yake na ndugu zake walio chini ya polisi wa Makaburu. Hilo halikuwa kosa. Ilikuwa ni kinga. Lakini kila kinga ina gharama yake, na gharama ya hii haikulipwa na waliovaa majina yale. Imelipwa na watu wa Kongwa.

Kwani askari wale walikuwa vijana, na Kongwa kulikuwa na wanawake. Wako waliooa, na wako walioishi na wanawake bila ya ndoa, na wakazaliwa watoto. Kisha amri ya safari ikaja, nayo haikuwa amri ya kuagana. Baba alipanda gari usiku, na kilichobaki kwa mtoto ni jina la vita. Wengine walikufa katika mapori. Wengine walirudi kwao baada ya mwaka 1990, chama chao kilipofunguliwa, wakashika majina yao ya kuzaliwa, na lile jina lililojulikana Ugogo likawa halina mwenyewe. Mtoto akitaka kumtafuta babaye huuliza khabari za mtu ambaye kwa daftari za serikali hakupata kuwapo.

Wenye elimu ya fikihi hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Sharia imeamrisha watu waitwe kwa baba zao. Kwa nasaba hupatikana mirathi, na uwalii wa ndoa, na kujua nani ni maharimu na nani si maharimu. Mtu asiyejua ndugu zake ni kina nani, hana amani ya kwamba hatomwoa mmoja wao. Ama mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, katika madhehebu ya Imamu Shafii nasaba yake ni ya mamaye, wala harithi kwa aliyemzaa. Lakini kujua si kurithi, na asiyestahiki fungu katika mali hakuzuiliwa kujua alikotoka.

Na lau mtu akiuliza: Watu wale wengi wao walikuwa Wakristo, na watoto wao wengi ni Wakristo, yawakhusu nini Waislamu? Jawabu yake ni kwamba haki ya jirani haikufungwa na dini. Na tena elimu ya kuthibitisha nasaba kwa maneno ya watu ni elimu ambayo mafakihi wameishughulikia kwa karne nyingi, na yafaa itoke vitabuni. Katika madhehebu ya Shafii nasaba, na vile vile mauti, huweza kushuhudiwa kwa istifadha, yaani kwa khabari iliyoenea. Si uvumi. Sharti yake ni kwamba mwenye kushuhudia awe ameisikia kwa watu wengi, ambao haimkiniki kuwa wamepatana kusema uwongo. Ikiwa wazee kumi wa Kongwa, wa mitaa mbali mbali, kila mmoja peke yake, watasema ya kuwa fulani ni mtoto wa yule mtu wa kusini aliyekuwa fundi wa magari, aliyechechemea mguu wa kushoto, huo ni mwanzo wa ushahidi, ijapokuwa jina walijualo si la kweli. Jina huweza kubadilishwa, mguu haubadilishwi.

Wala watu wa Afrika ya Kusini si wageni wa jambo hili. Kwao wenyewe kuna watu waliopelekwa mbali na nchi zao wakanyang'anywa majina, na kuna waliozihifadhi khabari zao na kuna zilizowapotea. Waholanzi walifungua kituo chao Cape mwaka 1652, wakakifanya mahali pa kuwahamishia masultani na wanavyuoni waliowapinga katika Jawa na Makassar. Mwaka 1694 aliletwa Sheikh Yusuf wa Makassar, akawekwa shambani Zandvliet, mbali na mji, ili asisikiwe. Wakamwendea watumwa waliotoroka, wakasoma kwake. Alikufa mwaka 1699. Mwaka 1780 akaletwa Imamu Abdullah bin Kadhi Abdus-Salaam wa Tidore, aitwaye Tuan Guru, akafungwa katika kisiwa cha Robben, kile kile alichofungwa Mandela baadaye. Hakuwa na msahafu, akaiandika Kurani yote kwa moyo wake, kisha akaandika kitabu cha itikadi na fikihi. Alipofunguliwa alisimamisha chuo katika mtaa wa Dorp, Cape Town, kikafundisha watumwa na watu huru, na kutoka hapo ukasimama msikiti wa Auwal. Alikufa mwaka 1807.

Watu wale walikuwa Mashafii kama watu wa pwani yetu. Na walifanya jambo ambalo mtu wa Lamu au Unguja atalitambua mara moja: waliiandika lugha ya nyumbani kwao, ile iitwayo leo Kiafrikana, kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa. Serikali ya Kituruki ilipompeleka kwao Abu Bakr Effendi, akafika mwaka 1863, aliwaandikia kitabu kwa lugha hiyo na herufi hizo, kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Naye alikuwa Mhanafi, akawaharimishia kamba wa baharini, jambo lililowaudhi sana watu wa pwani ile walao vya bahari kwa fatwa ya madhehebu yao. Na hapana mvuvi wa Shela au Kizimkazi atakayewalaumu.

Faida ya khabari hizi ni hii: khabari za Tuan Guru zajulikana kwa sababu ziliandikwa, na silsila ya wanafunzi wake ikashikwa. Kinyume chake ni watu waitwao Wazanzibari wa Durban. Baada ya mapatano ya Sayyid Barghash na Waingereza mwaka 1873, manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa, na mamia ya watu waliokombolewa wakapelekwa Natal kuwa vibarua. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini karani aliandika Zanzibar, na Zanzibar ikawa jina lao. Walikaa mlimani Bluff, karibu na bandari, wakashika dini, wakajenga msikiti wao. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke katika rangi gani. Ikawaita Waasia wengineo, ikawang'oa Bluff ikawahamishia Chatsworth. Watu weusi waliotoka Umakuani, wakaitwa kwa jina la Unguja, kisha wakafanywa watu wa Asia kwa kalamu. Kama si khitma zao na majina ya wazee wao waliyokuwa wakiyasoma humo, wangekwisha kusahau wao ni nani.

Turudi Ugogo. Kuna mahali pengine katika Tanzania ambapo watu wa Afrika ya Kusini walikaa kwa wingi, napo ni Mazimbu, Morogoro. Huko palijengwa skuli iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Ilikuwa na walimu na daftari, na ilipokabidhiwa serikali ya Tanzania mwaka 1992 karatasi zake zilichukuliwa zikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, na majengo yakawa ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi yake yana majina. Kongwa haikuwa skuli. Ilikuwa kambi ya siri, na siri haiandikwi. Hii ndiyo tofauti yao. Kwa hiyo watukufu wa nchi zote mbili huonekana Mazimbu, na Kongwa wageni wake ni wachache.

Wenye kutafsiri maneno ya kigeni husema urithi wa historia, na wasikilizaji hudhani ni kama mirathi. Sivyo. Mirathi hugawanywa, kila mtu akachukua fungu lake akaenda zake. Jambo kama la Kongwa limefanana zaidi na wakfu: haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi na mtu mmoja, na manufaa yake ni ya wote. Lakini wakfu hauna budi na msimamizi, na wakfu usio na msimamizi huliwa na mchwa na majirani. Wizara yenye kuangalia utamaduni imehamia Dodoma na wizara nyingine zote. Karani wake akitoka Mtumba asubuhi kwa gari hufika Kongwa kabla ya adhuhuri. Zamani udhuru ulikuwa umbali wa Dar es Salaam. Udhuru huo sasa haupo.

Marehemu Hashim Mbita wa Tabora, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi tangu 1974 hata ilipovunjwa 1994, aliliona hili mapema. Kwa usimamizi wake zilikusanywa khabari za vita vya ukombozi, za maandishi na za vinywa vya watu, zikatoka katika mijalada 9 mwaka 2014, naye akafa mwaka uliofuata. Kazi ile ni kubwa. Hata hivyo, hapana mjalada uwezao kumwendea kila mama wa Kongwa mlangoni kwake.

Limebaki suala la makaburi, nalo si dogo. Baadhi ya askari wale walikufa Kongwa kwa maradhi na kwa ajali, wakazikwa huko. Mwezi wa Septemba 2024 serikali ya Afrika ya Kusini iliirudisha nyumbani mifupa ya watu zaidi ya arobaini waliokufa ugenini katika Zambia na Zimbabwe, miongoni mwao Duma Nokwe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa ANC. Yamkini siku moja watakuja kuuliza Kongwa. Katika madhehebu ya Shafii kumfukua Mwislamu aliyekwisha kuzikwa ili ahamishwe ni haramu, ila kwa dharura zilizotajwa, kama vile amezikwa bila ya kuoshwa, au katika ardhi ya kunyang'anya, au hakuelekezwa kibla. Khabari ya Sheikh Yusuf mwenyewe ni ya ajabu katika mlango huu: watu wa Makassar husema aliletwa kwao akazikwa mwaka 1705, na watu wa Cape hulizuru kaburi lake Zandvliet hata leo, na pande zote mbili zina kuba. Ama wasiokuwa Waislamu, hukumu yao iko kwa jamaa zao na serikali zao, na wajibu wa jirani ni kutoyavunjia heshima makaburi, wala kuyalima, wala kuchukua mawe yake.

Lakini ahamishwe au asihamishwe, kwanza yapasa ijulikane aliyelala pale ni nani. Kijana wa Kongwa aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 alitimiza miaka 80 mwaka 2024. Mtu wa pwani akaaye Ihumwa, mwenye siku moja ya mapumziko na nauli ya kwenda na kurudi, huweza kumkuta mzee kama huyo amekaa kivulini. Amwamkie kwa adabu ya Wagogo, asianze na suala. Kisha amwulize: yule mtu mlikuwa mkimwitaje, alikuwa na alama gani mwilini, alisema kwao kuna mto gani au mlima gani, nani alimchimbia kaburi, na kichwa chake kilielekea wapi, na yule mtoto wake, yuko wapi leo. Aandike jawabu kama zilivyotamkwa, kwa Kigogo zikiwa kwa Kigogo, na tarehe, na majina ya waliokuwapo wakisikia.